Shajara ya mradi: kuziwasha tena taa za kabla ya umeme, kutoka kibakuli cha mafuta mpaka karabai

Mwanzo: nataka nini hasa

Haya, naanza rasmi. Mradi wenyewe ni huu: nachukua taa za nyumbani za enzi za kabla ya umeme, aina kwa aina, ikiwezekana taa halisi ya wakati ule, ikishindikana nakala iliyotengenezwa kwa namna ileile, nazisafisha, narekebisha kilichoharibika, alafu naziwasha kweli kweli kwenye chumba kimoja kwa kufuata zilivyokuja kwenye historia. Kibakuli cha mafuta kwanza, karabai mwisho. Sizikusanyi ili zikae kabatini. Taa usiyoiwasha huwezi kuielewa, ukishaiwasha ndo unajua kwa nini domo limekaa vile, kwa nini tangi liko ubavuni na sio chini, kwa nini kuna vitundu sehemu ambayo ungedhani ni mapambo tu.

Na kuna hoja moja naifuata mradi mzima. Watu wengi wakielezea historia ya taa wanaelezea mafuta: kwanza shahamu za wanyama, kisha mafuta ya mbegu na zeituni, kisha nyangumi, kisha mafuta ya taa. Ni kweli yalibadilika hivo. Ila mi naona mwanga uliongezeka zaidi pale watu walipojua kuulisha mwali hewa, mafuta yalikuwa nusu tu ya kazi. Sasa nataka niione hiyo kwa macho yangu na niipime.

Kanuni nilizojiwekea ni chache. Hakuna taa itakayotobolewa ili kupitisha waya, na hapa nasema kwa uchungu kabisa kwa sababu taa nyingi nzuri zimeuliwa hivo, mtu anatoboa tungi la kioo lililodumu miaka mia na zaidi ili aweke balbu, na balbu angeweza kuiweka popote. Pili, shaba siifuti mpaka iwe kama mpya, natoa uchafu na kutu ya kijani inayoila shaba yenyewe, ule weusi wa umri unabaki. Tatu, petroli haikaribii taa yoyote, hata tone. Mafuta ya taa yanayofaa ni yale ambayo mvuke wake haushiki moto chini ya nyuzi 38 za Selsiasi, petroli inashika hata kwenye baridi kali sana, na hiyo tofauti ndo inayotenganisha taa na bomu.

Ubao wa kupimia

Kabla ya taa yoyote nimetengeneza kipimo, na nimetumia kipimo cha zama zao wenyewe, karatasi yenye doa la mafuta, njia ya Robert Bunsen yule mkemia wa Ujerumani. Unachukua karatasi nyeupe unaidondoshea mafuta katikati, panapata doa linalopitisha mwanga. Mwanga ukiwa mkali nyuma ya karatasi doa linaonekana jeupe, ukiwa mkali mbele doa linaonekana jeusi, ikiwa pande zote mbili ziko sawa doa linafifia mpaka karibu halionekani. Basi unaweka mshumaa upande huu, taa upande wa pili, unasogeza karatasi kwenye rula ndefu mpaka doa lipotee, unasoma umbali. Mwanga unapungua kwa kipeo cha pili cha umbali, kwaiyo doa likipotea mshumaa ukiwa sentimita 30 na taa ikiwa sentimita 90, taa iko mbali mara 3, maana yake ina nguvu ya mishumaa 9. Hesabu ni hiyo tu.

Kilichonifurahisha hapa ni kwamba zamani taa na mishumaa ndo ilikuwa rula yenyewe ya mwanga. Uingereza sheria ya gesi ya 1860 ilitumia mshumaa wa nta ya nyangumi, ile mishumaa sita kwa ratili moja, unaoungua nafaka 120 (kipimo kidogo cha uzito cha Waingereza) kwa saa, yaani kama gramu 7.8. Wafaransa wakatumia taa ya Carcel (nitaielezea huko chini) inayokula gramu 42 za mafuta ya kolza, mmea wa mbegu za mafuta, kwa saa. Wajerumani walikuwa na taa ndogo ya Hefner-Alteneck ya 1884, inaunguza kimiminika kimoja tu, asetati ya amili, na mwali wake lazima uwe milimita 40 kamili. Mimi natumia mshumaa wa kawaida wa parafini na naupima uzito kabla na baada, ili nijue unakula kiasi gani kila nikifanya kipimo.

Chumba nimekifunika kuta kwa kitambaa cheusi. Ukuta mweupe unarudisha mwanga na kuharibu usomaji wote.

Kibakuli, na kwa nini taa za zamani zote ni bapa

Nimeanza na kitu rahisi kabisa, kibakuli cha udongo chenye kijidomo, mafuta ya zeituni, utambi wa pamba uliosokotwa. Wazo hili ni la kale mno, kwenye pango la Lascaux kule Ufaransa ilipatikana taa ya jiwe la mchanga jekundu, yenye mkono wa kushikia, iliyochongwa vizuri mno, ya kama miaka 17,000 iliyopita. Wagiriki na kisha Warumi waliichukua hiyohiyo wakaifunika juu, wakaanza kuzitoa kwa kalibu mbili, ya juu na ya chini, unabandika, unachoma, unapata taa nyingi zinazofanana.

Nikaiwasha. Mwali mdogo, wa njano iliyoiva, unacheza hata ukipumua karibu. Masizi yapo ila sio mengi ukiweka utambi mfupi. Jambo la kuangalia ni usawa wa mafuta: yakiwa yamejaa mpaka karibu na utambi mwali unakuwa mzuri, yakishuka kidogo tu, mwali unanywea, na mafuta bado yamo tele ndani. Mafuta ya mimea ni mazito, utambi hauna nguvu ya kuyapandisha juu sana. Ndo maana taa hizi zote ni bapa, na ndo maana kwa maelfu ya miaka hakuna aliyeweza kuweka tangi refu chini ya mwali. Ukilishika hili utaelewa karibu kila taa inayofuata hapa chini, maana watengenezaji wote walikuwa wanapambana na mambo mawili, mafuta yafike juu, hewa ifike ndani.

Ya pili kwenye kundi hili ni ile taa ya chuma ya Uskoti yenye vibakuli viwili, kimoja juu ya kingine. Cha juu kimening'inizwa kwenye kipande cha chuma chenye meno meno, mafuta yakipungua unakisogeza jino moja mbele kinainama na mafuta yanakimbilia tena kwenye utambi. Cha chini kinakinga matone. Mhunzi aliyefikiria yale meno alikuwa ameshalijua lile tatizo la usawa wa mafuta kwa mkono wake. Yangu ilikuwa imeganda kwa kutu, nimeiloweka kwenye mafuta mepesi mpaka ikaachia yenyewe bila kugongwa.

Kwenye karatasi, zote mbili ziko chini ya mshumaa mmoja.

Mishumaa na mafunjo, kwa haraka

Hapa sitakaa sana. Waingereza wa mashambani walikuwa wanachukua mafunjo ya kinamasi, wanamenya ganda wanaacha kamba moja nyembamba ya kushikilia kile kiini laini, wanachovya kwenye shahamu ya moto, wanakausha. Gilbert White, Mwingereza aliyeandika mambo ya asili, aliandika mwaka 1775 kwamba funjo moja zuri la kama sentimita 72 liliungua dakika 57. Nimejaribu, linashikwa na koleo dogo la chuma lenye kisimamo na unatakiwa ulisogeze kila baada ya muda kidogo, mwanga safi kuliko nilivyotegemea kwa kitu cha bure namna ile.

Mshumaa wa shahamu ndo unaochosha. Utambi wake hauungui ukaisha, unabaki mrefu mweusi katikati ya mwali, moshi unaanza, nta inayeyuka inamwagika upande. Ndo maana kulikuwa na mikasi ile yenye kisanduku juu ya ubapa wa mkasi, unakata utambi na kipande kinachowaka kinabaki ndani ya kisanduku kisianguke mezani. Alafu 1825 Mfaransa Cambacérès akaja na utambi wa kusuka, na huu utambi ukiungua unajikunja pembeni, ncha yake inatoka kwenye sehemu ya mwali isiyo na hewa inaingia kwenye ukingo wenye hewa, inaungua ikawa jivu. Ile mikasi ikakosa kazi. Na mnaona, ni hewa ileile, safari hii imefikishwa kwenye utambi kwa kusuka tu nyuzi.

Taa ya Argand

Hapa ndo moyo wa mradi, nitaenda taratibu.

Aimé Argand alizaliwa Geneva 1750. Taa yake aliibuni miaka ya 1780 mwanzoni na hataza ya Uingereza akapata 1784. Wazo lake: badala ya utambi wa kamba uliosongamana, utambi uwe mrija wa kitambaa uliovalishwa kati ya mabomba mawili ya shaba, moja ndani ya jingine. Bomba la ndani liko wazi chini. Kwaiyo mwali unakuwa duara lenye shimo katikati na hewa inapanda ndani ya duara na nje yake pia. Alafu juu yake inakaa chemni ya kioo, ambayo kazi yake kubwa sio kuzuia upepo, ni kuvuta hewa.

Niliyo nayo ni ya ukutani, tangi ubavuni, ilikuja na mafuta ya zamani yaliyogeuka kuwa kama gundi ya kahawia. Nimeyalainisha kwa spiriti na uvumilivu, nimepitisha waya mwembamba wenye kitambaa kwenye ule mkono unaounganisha tangi na bana (sehemu inayoshika utambi, mwali unapowakia) mpaka mafuta mapya yakapita bila kukwama. Bomba la ndani lilikuwa na masizi magumu, haya nimeyakwangua kwa kijiti cha mti na sio chuma, shaba ya ndani ni nyembamba na ukiikwaruza tu utambi haupandi sawasawa.

Nikaiwasha bila chemni. Mwali mwekundu, mrefu, wenye ncha za moshi, chumba kikaanza kunuka. Nikashusha chemni juu yake polepole. Kabla haijafika hata kukaa vizuri mwali ukajikusanya, ukafupika, ukabadilika kutoka wekundu kuja njano kuja karibu na weupe, na moshi ukakatika hapohapo. Nimerudia mara nyingi kwa sababu sichoki kuuangalia. Mafuta ni yaleyale ya kibakuli. Utambi ni pamba ileile.

Sababu yake ni hii. Ule unjano wa mwali ni chembe ndogo za kaboni zilizopata moto mpaka zikang'aa. Hewa ikiwa haitoshi chembe hazifikii joto kali na hazimalizi kuungua, zinatoka juu zikiwa zimepoa, hayo ndo masizi. Hewa ikija pande zote mbili kwa kasi, mwali unapata joto zaidi, chembe zinang'aa zaidi, kisha zinaungua zote kabla ya kutoka. Mwanga unaongezeka na moshi unaisha kwa sababu moja. Thomas Jefferson aliiona Paris akaandika mwaka 1784 kwamba inasemwa inatoa mwanga wa mishumaa sita au minane. Karatasi yangu ya doa imeniweka kwenye eneo hilohilo, nikiwa na utambi uliokatwa sawa na chemni safi.

Tangi nalo lina akili yake. Ni chupa iliyopinduliwa, mdomo chini, ndani ya kikombe. Mafuta kwenye kikombe yakishuka chini ya mdomo, kiputo cha hewa kinaingia juu na mafuta kidogo yanashuka, usawa unarudi palepale. Ukikaa karibu kimya unaisikia, glup, kisha kimya kirefu, kisha glup nyingine. Ndo jibu la lile tatizo la kibakuli: mafuta yanabaki usawa uleule karibu na mwali mpaka yaishe.

Argand mwenyewe hakufaidi. Paris taa yake ikauzwa kwa jina la mtu mwingine, Quinquet, na Uingereza mahakama ikaibatilisha hataza. Alifariki 1803. Mimi nikiulizwa nani alibadilisha usiku wa watu kabla ya umeme namtaja huyu kabla ya mwingine yeyote, na naona jina lake linatajwa kidogo mno.

Kivuli cha tangi, na mashine zilizokuja kukiondoa

Tatizo la Argand ni kivuli. Tangi liko juu ubavuni, upande huo hakuna mwanga. Kuna waliojaribu kulifanya tangi kuwa pete nyembamba inayozunguka mwali, na Bernard Carcel wa Paris mwaka 1800 akaweka mashine ya saa ndani ya kitako, unaipa ufunguo kama saa ya ukutani na inapampu mafuta juu. Taa nzuri ila ghali na ngumu kuitengeneza. 1837 hivi Franchot akarahisisha: springi kubwa inasukuma pistoni yenye ngozi, mafuta yanapanda kwenye mrija mwembamba, na ndani ya mrija kuna kifimbo. Springi ikiwa imekazwa sana kifimbo kimejaza mrija na kinazuia, springi ikilegea kifimbo kinakuwa kimetoka na mafuta yanapita kirahisi. Kwaiyo nguvu ikipungua na kizuizi kinapungua, mtiririko unabaki karibu uleule. Hakuna mashine ya saa. Ni ubunifu safi sana.

Ninayo moja ya aina hii ya Franchot. Springi nzima, ngozi ya pistoni imekauka imekuwa kama ubao. Nimeitoa nimeiloweka, tutaona.

Namna ya kuzijua taa mbili za kioo zinazofanana

Hii naiweka kwa sababu watu wanazichanganya kila siku. Kuna taa za kioo za Marekani za miaka ya 1830 mpaka 1850 hivi, tungi dogo juu ya mguu, bila chemni, juu kuna vimirija viwili vya utambi. Baadhi ni za mafuta ya nyangumi, nyingine ni za mchanganyiko wa tapentaini na alkoholi, na kosa la kuchanganya matumizi liliunguza watu wengi wakati ule.

Angalia mirija. Ya mafuta ya nyangumi ni mifupi, imesimama wima, na inashuka chini ya kifuniko kuingia kwenye mafuta, makusudi kabisa, ili joto la mwali lishuke liyalainishe mafuta mazito. Ya ule mchanganyiko ni mirefu, inapanuka kama herufi V ili miali ikae mbalimbali, na haishuki chini ya kifuniko hata kidogo, kwa sababu pale joto ukilishusha unatengeneza mvuke na mvuke unalipuka. Pia ina vikofia vidogo vyenye mnyororo vya kuzimia na kuzuia kimiminika kisipotee. Hii ya pili naihifadhi kama ilivyo, haitawashwa kwa ule mchanganyiko wala kwa kitu kingine. Hiyo ndo taa pekee kwenye mradi ambayo kanuni ya kuwasha haiihusu.

Mafuta ya taa

Abraham Gesner wa Kanada alionyesha mafuta yake ya taa 1846, mfamasia Ignacy Łukasiewicz akatengeneza taa yake mjini Lviv, na tarehe 31 Julai 1853 ikatumika hospitalini kwa upasuaji wa usiku. Kisha 1859 kisima cha mafuta cha Edwin Drake kule Pennsylvania, Marekani, na bei ya mafuta ikaanza kuwa kitu cha kila nyumba.

Sasa hapa lazima niwe mkweli kwa mafuta, maana yana haki yao. Mafuta ya taa ni mepesi. Utambi unayapandisha wenyewe kutoka tangi lililo chini kabisa. Mara moja, zile springi, pampu, mashine za saa, chupa za kupindua, zote zikawa hazina kazi. Unabaki na tungi, utambi bapa, gurudumu dogo la kupandishia na chemni. Hilo ni badiliko kubwa kwa mtu wa kawaida. Ila jaribu kuyawasha bila hewa ya kutosha, koroboi ya kopo na utambi wa kamba, uone moshi wake, unafuka kuliko mafuta ya zeituni. Kwaiyo bila kazi ya Argand mafuta ya taa yangekuwa moshi mtupu.

Taa niliyofanyia kazi ni ya mezani, tungi la kioo, utambi bapa. Kola ya shaba, ile inayopokea skrubu ya bana, ilikuwa inacheza. Kwenye taa hizi kola imegandishwa kwenye kioo kwa plasta, na plasta baada ya miaka mingi ya mafuta na joto inamung'unyuka. Usitumie gundi ya kisasa juu juu. Nimeloweka shingo kwenye maji ya uvuguvugu, plasta ya zamani nimeichokonoa kwa kijiti mpaka kioo kikabaki kitupu, nikakausha, nikachanganya plasta nyepesi kidogo, nikaijaza kwenye kola, nikaibandika, alafu kazi yenyewe ni kuinyoosha: unaizungusha taa mbele ya macho yako usawa wa meza, kola ikiyumba hata kidogo chemni itasimama imeinama na mwali utalamba kioo upande mmoja. Ikishakauka kabisa nimeipaka plasta vanishi ya shelaki ili mafuta yasiinywee.

Bana nimeichemsha kwenye maji ya magadi na sabuni. Uchafu ulitoka kama tope. Hapo ndo vitundu vya chini vikaonekana, vingi, vidogo, vilivyokuwa vimeziba kwa vumbi na mafuta, na mtu aliyeiuza alisema taa inatoa moshi kwa sababu ni mbovu. Ilikuwa inakosa pumzi tu. Juu ya bana kuna kile kikofia chenye ufa mmoja mwembamba, na ufa huo unaikusanya hewa na kuibana dhidi ya pande mbili za mwali, ukikiondoa mwali unageuka kuwa wa koroboi.

Utambi: mpya, wa pamba, upana sawasawa na njia yake, umekaushwa vizuri kabla ya kuingia, kisha unaachwa unywe mafuta kabla ya kiberiti. Kata kwa mkasi mkali mstari ulionyooka kabisa, alafu punguza pembe mbili kidogo sana. Nyuzi moja ikichomoza unapata pembe kwenye mwali na pembe hiyo ndo inaleta masizi. Washa chini, subiri kioo kipate joto, ndo upandishe. Hinks wa Birmingham walitoa mwaka 1865 bana yenye tambi mbili bapa sambamba, na hewa inayopita katikati yake inapata moto pande zote. Naitafuta hiyo.

Kandili

Kandili tunazozijua, zile zenye mabomba mawili ya pembeni, zinatokana na kazi ya John Irwin wa Marekani miaka ya 1860 na 1870. Kuna aina mbili na kwa nje mtu hazitofautishi haraka. Ya kwanza, mabomba yanaichukua hewa iliyotoka juu ya mwali, ya moto na iliyochanganyika na gesi zilizoungua, yanairudisha chini kwenye bana. Inastahimili upepo, ila mwali unalishwa hewa iliyochoka. Ya pili, juu kuna chumba kinachopokea hewa safi kutoka nje na kuishusha, gesi zilizoungua zinatoka kwa njia yake. Nimeziweka zote mbili na utambi wa upana uleule na mafuta kutoka chupa moja. Ya hewa safi ni nyeupe zaidi na karatasi inalisema hilo bila ubishi. Kama mtu ananiuliza ushahidi wangu mzima uko wapi, uko hapa, maana kati ya hizi mbili hakuna tofauti nyingine yoyote.

Karabai

Carl Auer von Welsbach, Mwaustria, alikuwa mwanafunzi wa Bunsen, huyuhuyu wa doa la mafuta. Bunsen ndo alitoa ile bana ya maabara inayochanganya gesi na hewa kabla ya kuungua. Mwali wake ni wa buluu, wenye joto kali na karibu hauna mwanga, kwa sababu hewa ni nyingi mno kiasi kwamba chembe za kaboni hazipati hata nafasi ya kuundwa. Auer akachukua mwali huo usio na mwanga akaufunika kwa soksi ya kitambaa iliyolowekwa kwenye chumvi za madini. Kitambaa kinaungua, oksidi inabaki kama wavu, na wavu ndo unang'aa. Jaribio lake la 1885 lilitoa mwanga wa kijani kijani watu hawakuupenda, la 1891, oksidi ya thoriamu asilimia 99 na seriamu asilimia 1, likawa jeupe na ndo lililoshinda. Tangu Argand watu walikuwa wanaongeza hewa ili kaboni ing'ae, huyu akaongeza hewa mpaka kaboni ikatoweka.

Karabai yangu ni ya mtindo wa Petromax, taa iliyotoka Berlin 1910. Aina ya HK500 ina 500 kwa sababu kiwanda kilihesabu mwanga wake kuwa mara 500 ya ile taa ya Hefner. Pampu ilikuwa haishiki, ngozi yake nimeitoa, nimeipaka mafuta na kuifungua kingo zake kwa vidole ziguse ukuta wa silinda, ikashika. Sindano ya nozeli nimeibadilisha. Kikombe cha spiriti nimekisafisha.

Kuiwasha ni utaratibu, hauruki hatua. Spiriti kwanza, iachwe iungue mpaka karibu iishe ili mrija upate joto la kugeuza mafuta kuwa mvuke. Ukipampu mapema yanatoka mafuta na sio mvuke, unapata moto wa njano mrefu. Soksi mpya inaungua inakuwa nyeusi, inanywea, kisha mvuke ukifika inavimba na kuwa nyeupe, na sauti ya mvumo inaanza. Baada ya hapo soksi ni majivu yaliyosimama, hata ukucha unaitoboa. Soksi za zamani zenye thoriamu zina mionzi, zikivunjika usipulize wala usifagie kavu, funga dirisha la upepo, pangusa kwa kitambaa kilicholowa na ukitupe. Nyingi za siku hizi zinatumia itriamu.

Kwenye ubao wangu rula haikutosha. Karatasi ilibidi isogee mpaka karibu kabisa na mshumaa na bado upande wa karabai ulishinda, kwaiyo kwa taa hii kipimo cha kulinganisha sio mshumaa tena, natumia taa ya mezani ambayo nguvu yake ninayo tayari, alafu nazidisha.

Ilipofikia sasa

Zilizokwisha kuwashwa na kupimwa: kibakuli, ya chuma ya Uskoti, funjo, mshumaa wa shahamu na wa kusuka, Argand, ya mezani, kandili zote mbili. Karabai imewaka, kipimo chake kinasubiri rula ndefu zaidi. Nataka pia kurudia Argand nikiwa nimeziba nusu ya tundu la chini la bomba la ndani, kisha robo tatu, nione mwanga unashuka kwa hatua au unaanguka ghafla, hicho ndo kipimo ninachokisubiri kuliko vyote. Ile ya Franchot ngozi imeanza kulainika kwenye kingo ila katikati bado ngumu, haiingii kwenye silinda bila kujikunja. Ikikubali naijaza mafuta ya kolza na kuikaza springi, nikiona yamefika juu kwenye bana ntaandika.